Range Rover Sport ya 2011 kwa milioni 52: nichukue au niache?

Swali la msomaji: "Shikamoo fundi. Mimi ni mtumishi, naishi Nkuhungu hapa Dodoma na ofisi yetu iko Mtumba. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 45. Kila mwisho wa mwezi naenda Iringa kumwona mama. Kwa sasa naendesha RAV4. Kuna mtu Area D anauza Range Rover Sport Supercharged ya 2011, injini 5.0, imetembea kilomita 138,000, anataka milioni 52. Mimi nina milioni 60 nilizoziweka kwa miaka sita. Gari hili nalipenda tangu zamani, ila wenzangu ofisini wanasema litanifilisi. Naomba ukweli: linaharibika nini, na kulimiliki kunagharimu kiasi gani?"

Marahaba dada yangu. Nianze na jibu lenyewe, maelezo yatafuata. Kwa milioni 60 ulizonazo, usilinunue gari hili kwa milioni 52. Likishuka hadi milioni 42 au 43, likapita ukaguzi nitakaoueleza hapa, lichukue na utalifurahia. Gari ni lilelile. Kinachobadilika ni fedha inayobaki mkononi mwako siku unayokabidhiwa funguo, na kwa magari haya fedha hiyo ndiyo inayoamua kama utaendesha au utaegesha.

Sababu ni kwamba gari limeshuka bei, spea hazikushuka nalo. Lilipotoka kiwandani Solihull, Uingereza, lilikuwa gari la watu wenye uwezo mkubwa, na pampu yake ya maji, diski zake za breki na kompresa yake ya upepo vinaendelea kuuzwa kwa kiwango cha gari lile jipya. Anayenunua leo ananunua kwa bei ya gari la zamani na kutengeneza kwa bei ya gari la kifahari.

Uelewe pia ni kitu gani unachotaka kuchukua. Injini ni V8 ya lita 5.0 yenye supacharja (kifaa kinachosukuma hewa nyingi ndani ya injini), nguvu farasi 510, ndani ya gari lenye uzito wa tani 2.5 na zaidi. Linafika kilomita 100 kwa saa kutoka kusimama kwa sekunde sita na ushee. Kuusukuma uzito huo kwa kasi hiyo kunazalisha joto jingi sana, na karibu kila ugonjwa mkubwa wa injini hii unaanzia kwenye joto au kwenye oili. Mwendo wenyewe inaumudu.

Tuanze na maji ya rejeta, maana huko ndiko nimeona magari mengi ya aina hii yakifia. Juu ya injini, chini ya supacharja, zinapita paipu za plastiki zinazopeleka maji mbele na nyuma. Zimetengenezwa kwa vipande viwili vilivyounganishwa pamoja. Plastiki ikikaa kwenye joto miaka kumi na zaidi inakuwa kavu kama kifuu, na kile kiungo kinaachia. Ya mbele utaiona ikivuja. Ya nyuma huioni kabisa. Imejificha kati ya injini na ukuta wa kabini, maji yanadondokea juu ya gia boksi na kukaukia hukohuko, chini hakuna tone. Dalili pekee ni kwamba kila baada ya wiki mbili unaongeza maji kidogo na hujui yanakwenda wapi. Kuibadilisha ile ya nyuma inabidi supacharja itolewe, ndiyo maana kazi ni ya siku nzima na zaidi wakati paipu yenyewe ni kitu kidogo tu. Pampu ya maji nayo ina tabia ya kuvuja kwenye shafti yake, ikiacha alama nyeupe au za rangi ya chungwa pembeni.

Kwetu Dodoma hili ni zito kuliko Dar es Salaam. Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa urefu huu maji yaliyo wazi yanachemka kwenye nyuzi kama 96. Mfumo ulio mzima unabanwa na presha ya mfuniko, kwa hiyo maji yanavumilia joto zaidi ya hapo bila kuchemka. Paipu ikipata ufa presha inatoka, na maji yanachemka kwenye joto ambalo injini yako inatembea nalo kila siku. Sasa wewe kila mwezi unapanda Nyang'oro kwenda Iringa. Mlima ule, jua la saa saba, kiyoyozi kikiwa wazi: ufa mdogo ambao Nkuhungu hadi Mtumba hauonekani, pale utaonekana.

Mshale wa joto kwenye dashibodi usiutegemee. Umepangwa ukae katikati hata joto likipanda na kushuka kwa nyuzi nyingi, na ukiona umeanza kuondoka katikati, ujue hali imeshakuwa mbaya. Mteja wangu mmoja alitoka Morogoro, karibu na Kibaigwa akasikia harufu tamu ya kulanti, yaani dawa ya maji ya rejeta, ndani ya gari. Mshale ulikuwa katikati. Akaendelea. Uliposogea, akasimama, akamimina maji ya chupa, akaendelea tena kwa sababu jua lilikuwa linazama na alikuwa na watoto. Simlaumu. Lakini injini hii ni aluminiamu juu na chini, na aluminiamu ikipata joto la namna ile inajipinda. Alifika kwangu ikiwa imeunguza gasketi za hedi zote mbili. Paipu iliyosababisha yote hayo ingebadilishwa mapema kwa sehemu ndogo sana ya alichokuja kulipa. Kwa hiyo ukinunua, usisubiri ivuje: badilisha paipu zote za plastiki, pampu ya maji, termostati na mfuniko kwa mkupuo mmoja, weka kulanti sahihi ya rangi ya chungwa iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi yasiyo na chumvi. Maji ya bomba ya Dodoma yana chumvi nyingi, unaijua kwenye birika lako la chai. Usiyaweke kwenye rejeta.

Jambo la pili ni cheni ya taimingi. Injini za 5.0 za miaka ya mwanzo, na ya 2011 imo humo, zina udhaifu kwenye tenshena, kile kifaa kinachoikaza cheni. Kipistoni cha tenshena kinasukuma mkono wa aluminiamu ulioishika cheni, na taratibu kinauchimba shimo. Shimo likiongezeka, cheni inalegea, na asubuhi injini ikiwa baridi utasikia mlio wa kukwaruza au kugongagonga upande wa mbele kwa sekunde kadhaa. Kiwanda kilikuja kurekebisha kwa mikono yenye kipande cha chuma pale kipistoni kinapogusa. Kama gari la Area D limeshafanyiwa kazi hiyo, na muuzaji ana risiti inayotaja tenshena, miongozo na cheni, thamani yake inapanda kweli. Kama halijafanyiwa, hesabu kwamba utaifanya wewe. Kwa bei ninazoziona sasa ningeandaa milioni 5 hadi 7, spea na ufundi, kwa sababu mbele yote ya injini inafunguliwa. Cheni ikiruka, valvu zinakutana na pistoni, na hapo hatuzungumzii tena matengenezo, tunatafuta injini nyingine.

Oili inahusika moja kwa moja. Kitabu cha gari kiliruhusu kilomita 24,000 kati ya sevisi moja na nyingine. Kwa hali ya Uingereza labda, ingawa hata huko mafundi wengi wameshaacha kuamini hivyo. Kwa vumbi na joto letu badilisha kila kilomita 8,000 au miezi sita, kipi kitangulie. Inaingia lita 8 za 5W-20 yenye viwango vya kiwanda. Fundi akikuambia oili hii nyepesi sana kwa Dodoma, akuwekee nzito, mkatalie: tenshena za cheni zinafanya kazi kwa presha ya oili, na njia zake ni nyembamba.

Kuna kitu kimoja kinachowashinda mafundi wengi. Injini hii haina kijiti cha kupimia oili. Unasoma kiwango kwenye dashibodi, gari likiwa sehemu tambarare, injini ikiwa imepata moto kisha imezimwa kama dakika kumi. Nimepokea magari yaliyozidishiwa oili lita moja na nusu kwa sababu fundi alitafuta kijiti, akakikosa, akakadiria kwa macho.

Supacharja yenyewe ni imara. Inazungushwa na mkanda wa injini, haina uhusiano na moshi kama turbo. Kinacholika ni kiungo kidogo kilichopo ndani ya pua yake, kinachounganisha puli na rota. Kikilegea, gari likiwa limesimama na injini inaunguruma taratibu utasikia mlio wa kokoto ndani ya kopo, ukikanyaga mafuta kidogo unapotea. Haraka hakuna, na kiungo kinauzwa peke yake, kwa hiyo usikubali kuambiwa ununue supacharja nzima. Usichanganye mlio huo na ule wa tiki-tiki wa injekta na pampu za presha kubwa, ambao ni wa kawaida kwa injini inayopulizia petroli moja kwa moja kwenye silinda. Kwa masikio ambayo hayajazoea yote ni kelele moja. Ndiyo maana nitakuomba uende na mtu anayeijua V8 hii.

Nije kwenye vumbi letu. Gari linakaa juu ya mifuko minne ya upepo, na kompresa ndiyo inayoijaza. Mifuko ni ya mpira, na pale mpira unapojikunja mchanga unaingia, unasaga, unatoboa vitundu visivyoonekana. Upepo unavuja usiku, kompresa inafanya kazi ya ziada mchana kuurudisha, na baada ya miezi inakufa kwa uchovu. Mwenye gari anabadilisha kompresa, tundu linabaki, na kompresa mpya inakwenda njia ileile. Tafuta tundu kwanza kwa maji ya sabuni. Mengi ya magari ya miaka hii yalitoka na kompresa ya Hitachi. Ya AMK iliyokuja baadaye ni bora na inaingia, ila inahitaji mabano yake na programu mpya kwenye kompyuta ya gari. Jioni za Julai hadi Oktoba, upepo wa Dodoma ukiwa umeshika, pitisha maji ya kawaida yasiyo na presha kubwa kwenye mikunjo ya mifuko hiyo kila wiki.

Wapo watakaokushauri uondoe upepo uweke springi za chuma. Inawezekana, vifaa vipo. Mimi sipendi, kwa sababu gari lilipangwa libadilishe kimo, na ukiondoa hilo linakuwa na tabia nyingine kabisa kwenye kona na kwenye matuta. Lakini kwa mtu ambaye fedha imekata na gari limelala chini, sitamzuia.

Vumbi hilohilo linajaa kati ya kondensa ya kiyoyozi na rejeta. Ukitazama kwa mbele unaona pasafi. Ndani kuna tabaka la udongo, mabua na wadudu, na injini inahema kwa shida. Safisha kutoka ndani kwenda nje angalau mara moja kwa mwaka. Filta ya hewa ikague kila unapobadilisha oili.

Mengine nitayapitia haraka. Bushi za mikono ya chini ya mbele zinachoka kwa uzito, na matuta ya barabara ya Dodoma kwenda Iringa hayazionei huruma. Dalili ni kugonga unapokanyaga breki na tairi kulika upande wa ndani. Breki ya mkono ni ya umeme, na viatu vyake viko ndani ya diski za nyuma. Vumbi likijaa au ikikosa kurekebishwa, inapiga kelele kali kama chuma kinachosagwa, na ikiachwa inaharibu mota yake. Gia boksi ni ZF ya gia sita, nzuri sana. Utaambiwa oili yake ni ya maisha yote. ZF wenyewe wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, na hili limefika 138,000, kwa hiyo uliza. Sampo yake, yaani bakuli la oili la chini, ni ya plastiki na filta imo humohumo, vinabadilishwa pamoja. Kuhusu taa nyingi za hitilafu kuwaka kwa wakati mmoja, pima betri kwanza. Umeme ukipungua kidogo kompyuta za gari hili zinalalamika zote, na watu wamenunua vifaa vya mamilioni kumbe betri ilikuwa imechoka.

Utasikia pia, "basi chukua ya dizeli." Dizeli ya V6 ya magari haya, 2.7 na 3.0, inakula mafuta kidogo kwa kweli. Lakini inajulikana kwa kuvunja krenkishafti, ule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, bila taarifa, na ina mkanda wa taimingi wenye muda wake. Si kimbilio unalolidhania.

Sasa fedha. Kazini ni siku 22 kwa kilomita 45, yaani 990. Iringa kwenda na kurudi kama 520. Weka 90 za kanisani, sokoni na misiba. Jumla 1,600 kwa mwezi. Mjini hesabu lita 19 kwa kilomita 100, safari ndefu lita 13 ukiendesha kwa utulivu. Inakuja kama lita 273. Nikichukua shilingi 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi, ni karibu 820,000 kwa mwezi. Bei halisi utaitazama kwenye tangazo la EWURA, Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na uangalie mstari wa Dodoma, maana kwetu iko juu kidogo kuliko Dar es Salaam. RAV4 yako kwa safari hizohizo, kwa lita 10, ni kama 480,000.

Bima kubwa kwa asilimia 3.5 ya milioni 52 ni 1,820,000, ukiongeza VAT ya asilimia 18 inafika karibu milioni 2.15. Gari hili usiliwekee bima ndogo, hata ukibanwa. Tairi ni 275/40 R20, ukuta wake mfupi, na shimo moja la barabarani linaweza kuua tairi na rimu kwa pamoja. Weka laki 5 hadi 7 kwa tairi moja la jina linaloeleweka. Kwa kilomita zako utafanya sevisi mbili au tatu kwa mwaka. Juu ya hayo ningetenga laki 5 kila mwezi kwa matengenezo, hata mwezi ambao hakuna kilichoharibika. Nikijumlisha yote napata karibu milioni 1.7 kwa mwezi, mafuta yakiwemo. Linganisha na mshahara wako ukiwa peke yako na daftari, bila sisi kina fundi na bila wenzako wa ofisini.

Sasa utaona kwa nini nimekukatalia kwa milioni 52. Zinabaki 8. Toa bima na gharama za kubadilisha umiliki, unabaki na pungufu ya 6. Mfumo wa maji ninaosema ubadilishwe wote utakula milioni 2 hadi 3. Cheni ikiwa haijafanyiwa kazi, fedha haitoshi, na gari litakaa kwenye gereji ya mtu likisubiri mshahara. Akiba ya miaka sita haistahili kuishia hivyo.

Spea hapa mjini ni chache, nyingi tunaagiza Gerezani, Kariakoo, na Ilala, zinakuja kwa basi. Agiza kwa namba ya chasisi, tarakimu na herufi zote 17, ili upate namba kamili ya kifaa. Ukisema tu "pampu ya maji ya Range Sport" utaletewa ya injini nyingine. Milango, vioo na viti vya mtumba chukua bila wasiwasi. Cheni, tenshena, pampu na kompresa za mtumba usiziguse.

Ukaguzi ufanye hivi. Mwambie muuzaji asiwashe gari siku hiyo hadi ufike, na ufike saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Weka mkono juu ya boneti: ikiwa na moto, ameshalipasha, rudi siku nyingine. Jioni ya kuamkia siku hiyo uwe umepima kwa futi kutoka katikati ya kila rimu hadi ukingo wa matao ya tairi, asubuhi pima tena. Kona moja ikiwa imeshuka peke yake, mfuko wake unavuja. Fungua mfuniko wa kulanti kabla ya kuwasha, tazama kiwango na rangi. Kisha washa ukiwa umesimama mbele ya gari, fundi wako akiwa pembeni, na msikilize dakika mbili za mwanzo bila mtu kuongea. Peleka kwenye mashine ya kusoma hitilafu inayoweza kuingia kwenye kompyuta ya upepo na ya gia boksi, kwa sababu zile ndogo za kawaida zinasoma injini tu. Mwishowe lipeleke hadi Chamwino na kurudi, joto la maji likisomwa kwa namba kwenye mashine. Likitulia kwenye tisini na kitu hadi mia na kidogo, kiyoyozi kikiwa wazi, mfumo unafanya kazi. Angalia na kadi ya gari, namba ya chasisi ilingane, na deni la faini za barabarani lisikusubiri.

Muuzaji akigoma kulilaza gari bila kuliwasha, au akisema ukaguzi wa nusu siku ni kumsumbua, mshukuru uondoke.

Akikubali na mkaelewana bei, RAV4 usiiuze bado. Kaa nayo miezi sita ya kwanza. Safari ya kwanza ya Iringa nenda na RAV4, huku Range iko kwa fundi inabadilishwa paipu.